Rabi asiye na sura: uchambuzi wa kisa cha mchoro wa ukutani katika mji mdogo wa Poland

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kusini-mashariki mwa Poland, katika mji mdogo wenye wakazi elfu chache, uwanja mmoja wa soko, kanisa la Kikatoliki, na makaburi ya Wayahudi kwenye mteremko ulio pembeni ya mji. Nimeondoa jina la mji, la rabi, la mchoraji na la kila aliyehusika, pamoja na habari za kaburi ambazo zingemwezesha mtu kuutambua mji. Nilikuwamo kama msaidizi wa mratibu. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua, kutafsiri na kuweka kumbukumbu za vikao.

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa urithi, makumbusho na sanaa za mitaani, kwa sababu swali lake hutukuta wengi. Watu wa mji wanataka kumchora mtakatifu wa jamii ambayo haipo tena mjini hapo. Wanampenda na wanajivunia kwamba aliishi kwao. Je, ruhusa waiombe kwa nani? Na nani ana haki ya kuwaambia hapana?

Usuli

Rabi huyo alikuwa wa Uhasidi, harakati ya kiroho ya Kiyahudi ambayo wafuasi wake huitwa Mahasidi. Uhasidi ulianza katika karne ya 18 huko Podolia, eneo ambalo leo liko Ukraine, kwa mafundisho ya Israel ben Eliezer, anayejulikana zaidi kama Baal Shem Tov, aliyefariki Medzhybizh mwaka 1760. Alifuatiwa na Dov Ber wa Mezeritch, aliyefariki 1772, na wanafunzi wa Dov Ber wakatawanyika kila upande. Mmoja wao, Elimelech wa Leżajsk, ndiye aliyeuotesha mizizi Uhasidi katika Galicia, sehemu ya Poland iliyotwaliwa na Austria mwaka huo huo wa 1772. Elimelech alisisitiza kwamba tsadiki, yaani mwenye haki, ni kiungo kati ya mbingu na watu wa kawaida: yeye huwaombea na kubeba shida zao, nao humtunza kwa mali zao. Alifariki 1787, na kitabu chake kikachapwa mwaka uliofuata. Tangu hapo miji midogo ya Galicia ilianza kujulikana kwa marabi wake. Mpaka leo mtu aliyezaliwa Brooklyn, ambaye pengine hajawahi kukanyaga Poland, hutaja Lizhensk, Bobov na Sanz kama mtu anayetaja kwao. Kwenye ramani ya Poland miji hiyo ni Leżajsk, Bobowa na Nowy Sącz.

Rabi wa kisa chetu alikuwa wa kizazi kilichofuata. Alifariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kabla kamera haijajulikana. Hakuna picha yake wala maelezo ya maandishi ya sura yake. Kilichobaki ni mafundisho yaliyokusanywa na wanafunzi, kaburi, na masimulizi. Simulizi linalopendwa kuliko yote, ambalo husimuliwa pia juu ya marabi wengine wa Galicia, ni kwamba hakulala na senti ndani ya nyumba: jioni ikifika, fedha zote zilizoletwa na wageni zilikuwa zimeshagawiwa maskini.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia karibu nusu ya wakazi wa mji walikuwa Wayahudi. Mwaka 1942 walipelekwa Bełżec, kambi ambako Wajerumani waliua watu zaidi ya 430,000 kati ya Machi na Desemba, karibu wote Wayahudi. Mawe ya makaburi yaling'olewa kutengenezea barabara. Baada ya vita baadhi ya wakazi wakachukua yaliyobaki kwa misingi ya mabanda na ngazi za nyumba.

Ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989, wazao wa wafuasi wa rabi walianza kurudi. Walijenga upya kijumba juu ya kaburi, wakaweka uzio na lango. Kila mwaka, siku ya kifo chake kwa kalenda ya Kiyahudi, mabasi hufika kutoka Kraków na Rzeszów yakiwa na wageni wa New York, London, Antwerp na Jerusalem. Huwasha mishumaa, husoma Zaburi, na huacha kaburini karatasi zilizoandikwa jina la mhitaji pamoja na jina la mama yake, kisha haja yake. Msomaji wa pwani aliyewahi kuhudhuria hauli ya sharifu hatahitaji maelezo marefu. Jioni mabasi huondoka, na mji unabaki na wenyeji wake, wote Wakatoliki, na mzee mmoja anayeishi jirani na lango ambaye kwa miongo mitatu ndiye aliyetunza ufunguo.

Wazo na mchoro wa kwanza

Wazo lilitoka kwa mkurugenzi wa nyumba ya utamaduni ya mji. Michoro mikubwa ya ukutani ilikuwa imeenea Poland nzima, na palikuwa na ruzuku ya kuombwa. Ukuta ulikuwepo tayari: ubavu wa jengo la zimamoto wa kujitolea, usio na dirisha hata moja, unaotazamana na lango la makaburi kuvuka barabara.

Mahali hapo palikuwa na uzito ambao mkurugenzi hakuufahamu mwanzoni. Wayahudi wa ukoo wa Haruni, yaani wana wa makuhani, hawaingii makaburini kwa sababu sheria inawakataza kujitia unajisi wa maiti. Wakati wenzao wako ndani kaburini, wao hubaki barabarani na vitabu vyao vya Zaburi, mvua inyeshe au theluji ianguke. Ukuta huo ungekuwa mbele ya macho yao saa nzima au zaidi.

Mchoraji alikuwa mwanamke kijana aliyesoma chuo cha sanaa, mzaliwa wa wilaya hiyo. Alijiandaa kwa bidii. Alitazama michoro ya Isidor Kaufmann, mchoraji wa Vienna aliyezaliwa 1853 na kufariki 1921, ambaye alizunguka Galicia akiwachora Wayahudi wa miji midogo kwa uangalifu mkubwa wa mavazi na nyuso. Alisikia simulizi la rabi na senti, likamgusa, akaamua kulichora hilo. Mchoro wake ulimwonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe ameketi mezani usiku. Mshumaa ulimulika uso kutoka chini, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetanda juu ya sarafu alizokuwa akizigawa. Gizani, pembeni, ilionekana mikono ya watu ikipokea. Kwa ustadi ulikuwa mchoro mzuri sana, na kamati iliupitisha kwa kikao kimoja. Katika kamati hiyo hakukuwa na Myahudi hata mmoja.

Mwalimu wa historia ndiye aliyependekeza kwamba kabla ya kununua rangi, nakala ibandikwe ubaoni karibu na lango siku ya ziara, wageni watoe maoni. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba pendekezo lilikubaliwa kwa sababu ya adabu tu. Hakuna aliyetarajia tatizo.

Siku ya ziara

Wageni waliushukuru mji kwa maneno ya heshima, wakapita. Wachache walipiga picha. Kisha mzee mmoja aliyebaki barabarani pamoja na makuhani wenzake alisogea ubaoni, akatazama kwa muda, akamuuliza kijana aliyekuwa naye kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki: "Myahudi huyu ni nani, na kwa nini anahesabu pesa?"

Swali hilo lilikuwa na maana nzito kwa sababu ya picha nyingine, ambayo kila mtu Poland ameiona. Katika nyumba na maduka mengi nchini humo hutundikwa picha ndogo ya Myahudi mzee mwenye ndevu, ameinama mezani, sarafu mkononi. Huuzwa masokoni na kwenye magulio. Watu huamini kwamba inavuta fedha, na wengine huigeuza kichwa chini siku ya Sabato ili fedha zidondokee ndani ya nyumba. Wanaoitundika wengi hawana chuki yoyote. Kwa Myahudi anayeikuta mlangoni, hiyo ni kashfa ya karne nyingi iliyowekwa kwenye fremu.

Mchoraji alikusudia mkono unaotoa. Kutoka hatua kumi, mkono unaotoa na mkono unaokusanya hufanana. Mzee, ndevu, mshumaa, meza, sarafu: vyote vilikuwa mle mle, na safari hii vingepanda ghorofa mbili.

Mjumbe wa ukoo wa rabi, mkazi wa London ambaye ndiye huratibu ziara, alimvuta mkurugenzi pembeni na kumweleza hayo kwa upole. Aliongeza jambo moja ambalo sikulitarajia. Mzee wa ufunguo, rafiki yake wa miaka yote, ambaye huwapikia wageni chai na kuwakaushia makoti, ana picha hiyo hiyo ukumbini kwake, juu ya meza ya simu. Mjumbe ameinywa chai hiyo chini ya picha hiyo kila mwaka na hajawahi kusema neno. "Yeye aliitundika kwa nia njema," alisema, "na ni nyumba yake. Ukuta huu ni wa barabara."

Naona hapo ndipo kiini cha kisa chote kilipo. Mtu anaweza kustahimili nyumbani kwa rafiki jambo ambalo hawezi kulikubali likibandikwa mbele ya kaburi la babu yake kwa jina la kumheshimu.

Uamuzi wa kusimamisha kazi

Ruzuku ilikuwa na masharti: kazi iishe kabla ya majira ya baridi, vinginevyo fedha zirudishwe. Rangi kwenye ukuta wa nje haishiki vizuri baridi ikishaanza, kwa hiyo muda halisi ulikuwa mfupi kuliko ulioandikwa. Katika kamati kulikuwa na misimamo mitatu. Wengine walitaka sarafu ziondolewe na kazi iendelee. Diwani mmoja alisema wazi kwamba ukuta ni wa mji na wageni wa siku moja hawawezi kuwapangia wenyeji. Mkurugenzi alitaka kusimama.

Meya alimuunga mkono mkurugenzi, na sababu yake haikuwa ya kidini wala ya kisanaa. Alisema mji hauna Myahudi wa kuukosoa mchoro siku inayofuata, kwa hiyo kosa likishapakwa litakaa miaka ishirini bila mtu wa kulilalamikia. Hoja hiyo iliwashinda wengi. Waliandika kuomba muda usogezwe hadi mwaka unaofuata, wakakubaliwa, lakini sehemu ya fedha ikapotea, na mchoraji akafanya miezi ya ziada kwa malipo yale yale. Gharama hii ilimwangukia mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote mezani.

Je, achorwe uso?

Mchoro wa pili uliondoa sarafu na kumweka rabi amesimama, kitabu mkononi, kofia ya manyoya kichwani. Safari hii ulitumwa London kabla ya kuonyeshwa popote. Majibu yalikuja na mambo mawili.

La kwanza lilikuwa dogo: kofia. Mchoraji alikuwa ameweka ile ndefu inayosimama wima, ambayo kwa kawaida huvaliwa na Mahasidi wa Poland ya kati kama wafuasi wa marabi wa Ger. Wa Galicia huvaa ile pana na fupi. Aliyevaa kofia ile ni mtu wa nyumba nyingine, yaani wa kundi jingine la Mahasidi.

La pili lilikuwa uso wenyewe. Mjumbe hakudai kwamba sheria inakataza kabisa. Nyumba za Mahasidi wengi leo zimejaa picha za marabi wao ukutani. Hoja yake ilikuwa kwamba uso uliobuniwa hugeuka kuwa uso wa kweli. Alitoa mfano ambao kila Hasidi anaujua: picha iliyochapwa mara nyingi mno kama sura ya Baal Shem Tov kumbe ni ya mtu mwingine kabisa, Samuel Falk, aliyeishi London na kufariki 1782, ambaye naye aliitwa Baal Shem. Hakuna picha halisi ya Baal Shem Tov, lakini mamilioni ya watu wakifumba macho wanamwona Falk. "Mkimchora babu yetu ukubwa wa nyumba," aliandika, "wajukuu zangu watamjua kwa uso wa mtu aliyekaa mbele ya mchoraji wenu."

Mchoraji alimjibu mwenyewe, na barua yake inastahili kusomwa na kila mwenye kazi kama hii. Aliuliza: bila uso, wenyeji watamkumbukaje? Watoto wa hapa hawasomi Kiebrania, hawajui mafundisho yake, hawajawahi kuongea na Myahudi. Uso ndio mlango pekee walio nao.

Mjumbe alimjibu kwa habari ya kiti. Mahasidi wa Breslov hawana picha ya Rabi Nachman, mwanzilishi wa kundi lao, aliyefariki Uman mwaka 1810. Wana kiti. Kilichongwa na mchinjaji wa kijiji cha Teplik, akampa Nachman mwaka 1808. Wakati wa mateso ya karne ya 20 kilikatwa vipande vipande ili kiweze kusafirishwa, kikafikishwa Jerusalem, kikaunganishwa tena, na leo kimewekwa katika sinagogi yao. Watu huja kukitazama, na hakuna anayelalamika kwamba juu yake hakuna mtu.

Kilichopatikana makaburini

Jibu halikutoka London wala chuo cha sanaa. Mwalimu wa historia alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake makaburini kuandika mawe yaliyosalia. Maandishi yaliyosagika hayasomeki jua likiwa utosini, kwa hiyo wanafunzi walibeba kioo kirefu cha kabati, mmoja akakishika pembeni ya jiwe na kurushia mwanga kwa mlalo, na herufi zikajitokeza kwa vivuli vyake. Siku moja kioo kilifunua mchongo juu ya jiwe lililolala ubavu: mkono unaotoka katika kikunjo cha nguo, vidole viwili vimeshika sarafu juu ya tundu la kisanduku cha sadaka.

Alama hiyo ipo kwenye makaburi mengi ya Wayahudi wa Poland, kama zilivyo nyingine: mikono miwili iliyonyoshwa kwa baraka juu ya kaburi la kuhani, mtungi kwa Mlawi, mishumaa kwa mwanamke, simba na kulungu kwa majina ya watu, taji kwa jina jema. Mkono na kisanduku huwekwa kwa mtu aliyekuwa mwepesi wa kutoa. Hapo palikuwa na sarafu ile ile ya simulizi la rabi, imechongwa na fundi Myahudi wa mji ule ule, na hakuna jicho linaloweza kuisoma vibaya. Sarafu iko juu ya tundu, inadondoka.

Mchoraji alipoletewa picha alichora mchoro wa tatu kwa siku chache. Katikati aliweka mkono na kisanduku, kwa mistari ya mchonga mawe. Pande zote mbili simba na kulungu walionakiliwa kutoka mawe mengine ya hapo hapo. Juu, taji. Chini, karatasi ndogo nyingi zilizokunjwa, kama zile zinazoachwa kaburini, zikipanda kama ndege kuelekea kisandukuni. Rabi hayumo kwa sura, ila kila kitu kinamhusu. Mjumbe alijibu kwa mstari mmoja wa shukrani.

Maandishi, rangi na jukwaa

Kamati ilitaka maandishi ya Kiebrania. Mjumbe alitahadharisha kwamba jina la Mungu lisiandikwe, kwa kuwa halifutwi (msingi wake ni Kumbukumbu la Torati 12), na ukuta huliwa na mvua au hupakwa upya. Walichagua Mithali 10:25, "mwenye haki ni msingi wa milele," aya isiyo na jina hilo na ambayo Mahasidi huitumia kwa tsadiki tangu zamani. Kielelezo cha kukatia herufi kilipokamilika, picha ilitumwa London, na ikagundulika kwamba katika neno la kwanza herufi dalet ilikuwa imeviringishwa kona ikawa resh. Tofauti yake ni ncha ndogo upande wa kulia, lakini neno huharibika. Kielelezo kilikatwa upya.

Jambo la jukwaa la kupandia wakati wa kupaka rangi liliwashangaza wengi. Ramani ya zamani ilionyesha kwamba makaburi yalikuwa makubwa kuliko uzio wa leo, na ukingo wa barabara upande wa lango huenda uko juu ya mifupa. Kwa sheria ya Kiyahudi wafu hawasumbuliwi hata kwa mguu wa jukwaa uliochimbiwa. Kwa hiyo jukwaa liliegemezwa upande wa jengo tu, juu ya mbao, bila kuchimba. Gharama ilikuwa ndogo, na heshima iliyopatikana ilikuwa kubwa mno kwa jambo la mbao.

Upakaji wenyewe ulikwenda vizuri.

Matokeo

Siku ya ziara iliyofuata makuhani walisimama mbele ya ukuta na vitabu vyao. Yule mzee aliyeuliza swali hakurudi. Niliambiwa afya yake haikumruhusu. Wengine walirudi, na kwa mara ya kwanza kundi la wageni lilibaki mjini baada ya ziara kuongea na wanafunzi, kupitia kwa mkalimani, mbele ya mchoro.

Lililofuata halikuwa kwenye mpango wowote. Mkulima wa kijiji jirani alifika nyumba ya utamaduni na jiwe la kunolea la duara, lenye tundu katikati na herufi za Kiebrania zikizunguka ukingo. Babu yake alikuwa amelikata kutoka jiwe la kaburi. Alisema aliuona mkono na simba ukutani, akatambua kwamba anacho kitu cha hapo. Baada yake wengine wachache walileta vipande. Wengine, ambao ngazi zao kila mtu anazijua, hawajaleta, na hakuna aliyewalazimisha.

Mzee wa ufunguo aliiondoa picha ya ukumbini. Hakuna aliyemwomba. Mahali pake aliweka picha ya mchoro wa ukutani aliyopewa na wanafunzi.

Kisha majira ya pili ya baridi yakaja, na rangi ya chini ikaanza kubabuka. Ukuta wa zimamoto ulikuwa umepakwa akriliki miaka ya nyuma, yaani rangi ya plastiki, na rangi ya silikati, ya madini, aliyoipendelea mchoraji haishikamani na akriliki. Inahitaji plasta tupu. Fedha zilizopotea kwa kuchelewa ndizo zilizokuwa za kukwangua plasta. Walitumia akriliki juu ya akriliki, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikarushwa na magari hadi usawa wa kiuno. Karatasi za chini, zile zinazopanda, ndizo zilizoharibika kwanza.

Uchambuzi

Lililookoa kazi hii ni kuonyesha mchoro kwa wenye kaburi kabla ya rangi kununuliwa. Ilifanyika kwa adabu tu, lakini ilifanyika. Kama wangesubiri siku ya uzinduzi, wageni wangeshukuru kwa upole ule ule, na mji usingejua kamwe walichokiona. Wanaofanya kazi kama hii wasichukulie shukrani za wageni kuwa ni ridhaa. Mgeni anayehitaji ufunguo wa kaburi la babu yake hana uhuru wa kumkosoa mwenye ufunguo. Lazima aulizwe kwa namna inayomwezesha kukataa, mapema, na pengine akiwa kwao.

Naona pia mjumbe alifanya kazi yake vizuri kuliko wote. Hakutoa katazo tupu. Alieleza sababu, akatoa mfano wa Falk, kisha akatoa mfano wa kiti, yaani alimwonyesha mchoraji njia nyingine ya kumkumbuka mtu. Mchoraji naye alistahili kupewa hoja badala ya amri, na swali lake kuhusu watoto wa mji lilikuwa la haki. Mchoro wa tatu ulijibu pande zote mbili, kwa sababu lugha yake ilitoka makaburini pa mji. Watoto waliokishika kile kioo wanaweza kumwonyesha mtu yeyote jiwe ambalo kila alama imetoka.

Lakini kuna lililoshindikana, na kwangu ni zito kuliko rangi. Baada ya uzinduzi ilikuja barua kutoka kwa mwanamke anayeishi ng'ambo, binti wa mtu aliyezaliwa mjini hapo na kunusurika. Baba yake hakuwa Hasidi. Alikuwa mwana wa fundi cherehani na mfuasi wa chama cha wafanyakazi. Aliuliza kwa adabu kwa nini mji una ukuta kwa ajili ya rabi aliyefariki kitandani mwake karne moja kabla, na hauna hata ubao kwa watu waliopandishwa treni mwaka 1942. Kamati haikuwa na jibu. Wayahudi wa mji huo walikuwa Mahasidi, Wazayuni, wasoshalisti, watu wasiokwenda sinagogi, wanawake wenye maduka. Wenye mabasi ni wafuasi wa rabi, kwa hiyo walioulizwa ni wao. Kigezo cha "waulizeni wenye kaburi" kiliwaacha nje wale ambao hawana kaburi.

Hili lingeweza kuonekana mapema. Mwalimu alikuwa na orodha ya majina ya mwaka 1939 katika kabati lake tangu mwanzo, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu mradi uliitwa mradi wa rabi. Jina hilo la mradi liliandikwa kwenye fomu ya ruzuku siku ya kwanza, na kila kikao kilichofuata kilifuata njia lililoichora.

Suala la fedha nalo lisipitwe. Kusimamisha kazi ulikuwa uamuzi sahihi, lakini bajeti haikuwa na fungu la kusimama. Matokeo yake mchoraji alifanya miezi ya ziada bila malipo, na plasta haikukwanguliwa. Anayepanga mashauriano bila kuyatengea fedha na muda ameshaamua nani atayalipia.

Ninapoandika haya, mchoraji amependekeza kwamba sehemu ya chini ikwanguliwe hadi kwenye plasta na ipakwe upya kwa silikati, na karatasi zile ziongezwe na kuandikwa majina kutoka orodha ya mwalimu, kila jina na jina la mama pale linapojulikana. Mjumbe wa London amekubali. Binti wa aliyenusurika amekubali pia, kwa sharti kwamba majina yaandikwe kwa herufi za Kilatini ili wenyeji wayasome. Baraza la mji limeliweka suala hilo kwenye ajenda ya bajeti ijayo, na diwani yule aliyesema ukuta ni wa mji ameomba kuwa mwenyekiti wa kamati ndogo.